Sungusungu wa Ngozi

Sogeeni, wajukuu zangu. Vumbi la hapa kwetu Kizota nyote mnalijua. Mtoto akianguka kwenye mpira wa chandimu, goti linachunika na vumbi linaingia kidondani pamoja na bakteria wasiohesabika. Mbona basi magoti mengi hupona bila kutunga usaha?

Ngozi ina sungusungu wake. Ni vipande vidogo mno vya protini, huitwa peptidi za kuua vijidudu. Ngozi ikichubuka tu, seli zake huanza kuvitengeneza kwa wingi. Mmoja wao ni LL-37, aliyeungwa kwa asidi amino 37. Yeye ana chaji chanya, na utando wa nje wa bakteria una chaji hasi, kwa hiyo huvutana. Akishanasa, anajichomeka kwenye utando, anautoboa, na bakteria anavuja mpaka anakufa.

Sasa sikilizeni ajabu. Kuna ugonjwa uitwao soriasisi. Viwikoni, magotini na kichwani huota mabaka manene yenye magamba meupe. Kwenye ngozi nyeusi kama yetu mabaka hayo huweza kuwa ya zambarau au kijivu. Seli za ngozi ambazo kwa kawaida hupanda hadi juu kwa karibu mwezi mzima, hapa hufika kwa siku chache tu, ndipo zinaporundikana. Ungedhani ngozi iliyopasuka hivyo itajaa majipu. Wala! Mwaka 1997 watafiti wa mji wa Kiel, Ujerumani, waliyachambua magamba ya wagonjwa, wakakuta humo sungusungu mwingine aliyekuwa hajulikani: difensini-beta 2. Kinyume chake, wenye pumu ya ngozi, ambao kwao walinzi hawa ni wachache zaidi, ndio wanaosumbuliwa sana na bakteria.

Lakini walinzi wakizidi, nako kuna balaa. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Michel Gilliet walionyesha kwamba LL-37 huokota DNA iliyomwagika kutoka kwenye seli zetu wenyewe zilizokufa, na kuiingiza ndani ya chembe za kinga. Chembe zinadhani virusi vimevamia. Zinapiga filimbi, kinga yote inakuja mbio, na mwizi hayupo. Ngozi inavimba, LL-37 wanaongezeka, filimbi inalia tena. Si chanzo pekee, maana ugonjwa huu hufuata ukoo pia, ila ni sehemu yake.

Roho huniuma mtoto anapohamishwa dawati kwa sababu ya mabaka hayo, eti ni uchafu, eti karogwa. Dawa za kuyatuliza zipo, ingawa hayaondoki moja kwa moja, na kule Moshi, tangu 1992, kuna kituo cha kufundishia wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika.

Basi kidonda cha chandimu kioshe kwa maji safi na sabuni. Na mwenzako mwenye soriasisi mshike mkono, mle sahani moja, mcheze. Haiambukizi.