Kutokea kwa Oksidi za Naitrojeni katika Mwako wa Makaa ya Mawe Wenye Oksijeni Haba: Mfano wa Tanuri za Saruji

Saruji inayotumika kujengea nyumba Lembeni, kando ya barabara itokayo Same kwenda Moshi, ina uhusiano wa karibu na makaa ya mawe. Jasi inayochimbwa Makanya, katika tambarare chini ya Milima ya Upare, ni malighafi ya saruji. Husagwa pamoja na klinka, ambayo hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa na udongo. Kwa uchomaji huo, viwanda vya saruji nchini hutumia makaa ya mawe, yakiwamo ya Ngaka wilayani Mbinga. Mwako wake hutoa oksidi za naitrojeni, ambazo hudhuru mapafu, huchangia mvua ya asidi na huchochea kutokea kwa ozoni karibu na ardhi.

Oksidi hizo zina vyanzo vikuu viwili. Chanzo cha kwanza ni hewa yenyewe, ambayo takribani asilimia 78 yake ni naitrojeni. Atomu ndani ya molekuli za naitrojeni ya hewani hushikamana kwa nguvu, hivyo huungana na oksijeni kwa kiasi kikubwa pale tu joto linapozidi takribani nyuzi 1,500 za Selsiasi. Chanzo cha pili ni naitrojeni iliyomo ndani ya makaa, ambayo kwa kawaida ni kati ya asilimia 0.5 na 2 ya uzito wake. Hii haihitaji joto kali kiasi hicho.

Makaa yanapopata joto, sehemu ya naitrojeni yake hutoka pamoja na gesi tete ikiwa haidrojeni sayanidi na amonia. Iliyosalia hubaki katika kaboni ngumu. Oksijeni ikiwa tele, gesi hizo huelekea kuwa NO. Oksijeni ikiwa haba, sehemu kubwa yake hugeuka kuwa naitrojeni ya kawaida isiyodhuru. Aidha, NO iliyokwisha kutokea huweza kuvunjwa na vipande vya hidrokaboni au juu ya uso wa kaboni. Kwa hiyo, uhaba wa oksijeni haupunguzi tu kasi ya kutokea kwa oksidi, bali pia hubadili mwelekeo wa mmenyuko.

Hata hivyo, kanuni hiyo haitumiki kwa namna moja katika tanuri nzima. Ndani ya tanuri kuu, ndimi za moto hukaribia nyuzi 2,000 ili klinka ifikie takribani nyuzi 1,450. Hapo chanzo kikuu ni hewa, na oksijeni lazima ibaki ya kutosha ili ubora wa klinka usiharibike. Katika chemba ya kuchomea chokaa awali, yenye nyuzi 850 hadi 900, chanzo kikuu ni makaa yenyewe. Hapo ndipo hewa inapofaa kugawanywa: makaa huchomwa kwanza kwa hewa pungufu, kisha hewa iliyobaki huongezwa mbele zaidi ili kukamilisha mwako.

Bila hatua ya pili, mafanikio hayo huzaa madhara mengine: monoksidi ya kaboni huongezeka na kaboni isiyoungua hupotea kama nishati. Kwa sababu hiyo, kipimo cha oksidi za naitrojeni peke yake hakitoshi kuthibitisha ubora wa mwako. Kinapaswa kusomwa pamoja na vipimo vya oksijeni na monoksidi ya kaboni, vilivyochukuliwa katika kila hatua.