Je, Wajua? Kuna Saratani Inayotibiwa kwa Kukomazwa

Je, wajua kwamba dawa kuu ya aina moja ya saratani ya damu inatokana na vitamini A?

Chembe nyeupe za damu huzaliwa changa ndani ya uboho wa mifupa, hukomaa, hupambana na maradhi, kisha hufa. Mwili huigeuza vitamini A kuwa asidi ya retinoiki, na asidi hiyo ni miongoni mwa vitu vinavyoziamuru chembe zikomae.

Katika saratani hiyo, iitwayo lukemia ya promielositi, amri hiyo haisikiki. Mwaka 1977 Janet Rowley na wenzake, huko Chicago, waligundua kwamba katika ugonjwa huu kromosomu ya 15 na ya 17 hukatika na kubadilishana vipande. Hapo huzaliwa protini mseto inayozifunga jeni za ukomavu. Chembe hubaki changa, zikizaana bila kufa, na mgonjwa huvuja damu. Leif Hillestad wa Norway, aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1957, aliona wagonjwa wake 3 wakifariki katika wiki chache.

Mjini Shanghai, Wang Zhenyi alijiuliza swali ambalo kwangu ni miongoni mwa maswali mazuri kabisa katika historia ya tiba: je, chembe hizi zikisaidiwa kukua badala ya kuuawa? Mwaka 1985 msichana wa miaka 5 aliyekuwa mahututi alipewa asidi ya retinoiki ya kumeza, naye akapona. Ripoti ya mwaka 1988 ilieleza wagonjwa 24. Saratani ilififia kwa wote, na mmoja tu ndiye aliyehitaji kuongezewa dawa nyingine. Dozi kubwa huifanya ile protini iziachie jeni, chembe zikakomaa na kufa kifo chao cha kawaida.

Mshirika wa dawa hii anashangaza zaidi: ni aseniki, sumu ya tangu kale, ambayo madaktari wa Harbin walianza kuitumia miaka ya 1970. Utafiti wa Italia na Ujerumani uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia wagonjwa wasio katika hatari kubwa. Baada ya miaka 2, asilimia 97 ya waliopewa dawa hizo mbili bila kemotherapi walikuwa hai na ugonjwa haujarudi. Kwa waliochanganyiwa asidi hiyo na kemotherapi ilikuwa asilimia 86.

Tafadhali, karoti na mawese ni chakula chema, lakini havitibu lukemia. Vidonge vya vitamini A vikizidi huumiza ini, na asidi ya retinoiki humdhuru mtoto aliye tumboni.

Hospitalini, hatari kubwa ni siku za mwanzo, damu inapovuja. Ndiyo maana daktari akiushuku tu ugonjwa huu, huanza kumpa mgonjwa dawa hii siku hiyohiyo, majibu ya vipimo vya jeni yakiwa bado maabara.