Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi: kwa nini hutolewa kwa wasichana wenye umri wa kwenda shule

Tarehe 10 Aprili 2018, Mbagala, wilayani Temeke, Makamu wa Rais wa wakati huo, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, alizindua kitaifa chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi. Walengwa walikuwa wasichana wenye umri wa miaka 14 pekee, na kila mmoja alitakiwa kupata dozi mbili kwa kupishana miezi sita. Wazazi wengi walihoji kwa nini binti wa miaka 12 aachwe. Sababu haikuwa ya kitabibu. Chanjo ilikuwa adimu duniani, hivyo waliokaribia kupita umri wa kuchanjwa walitangulizwa.

Hali hiyo imebadilika. Mwezi Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa dozi moja inatosha kumkinga msichana, na Tanzania ikaanza kutumia utaratibu huo mwaka 2024. Katika kampeni ya tarehe 22 hadi 26 Aprili mwaka huo, wasichana wa miaka 9 hadi 14 walichanjwa shuleni, katika vituo vya afya na katika jamii. Kwa familia za pembezoni mwa jiji, kama Chamazi au Bunju, ambako watoto huhamahama shule mzazi anapohama nyumba ya kupanga, dozi moja ni nafuu kubwa: hakuna tena binti wa kutafutwa baada ya miezi sita.

Saratani hii husababishwa na virusi vya HPV, vinavyoenea kwa njia ya kujamiiana. Aina mbili za virusi hivyo, ya 16 na ya 18, ndizo chanzo cha takribani asilimia 70 ya wagonjwa wote duniani. Chanjo humwandaa mwili kuvitambua virusi kabla havijaingia, haiviondoi vikishaingia. Hapo ndipo penye jibu la swali linaloulizwa mara nyingi, kwamba mtoto wa miaka 9 anakingwa na nini. Anakingwa mapema kwa sababu kinga iliyochelewa hupungua thamani. Kumchanja si kumruhusu kuanza mahusiano, kama vile chanjo ya pepopunda isivyomruhusu mtu kukanyaga misumari.

Uvumi kwamba chanjo huharibu uzazi hauna msingi. Ndani yake hamna virusi hai, bali protini inayofanana na ganda la kirusi. Maudhi ya kawaida ni maumivu mahali palipochomwa sindano, homa ndogo au kichwa kuuma. Baadhi ya wasichana huzimia kwa hofu ya sindano, ndiyo maana huombwa kukaa dakika 15 kabla ya kurudi darasani. Kinachotishia uzazi, na uhai, ni saratani yenyewe: nchini Tanzania wanawake zaidi ya 10,000 hugundulika nayo kila mwaka na zaidi ya 6,000 hufariki. Wengi hufika Taasisi ya Saratani Ocean Road ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa.

Msichana asiyesoma shule ana haki sawa ya chanjo hii, ambayo hutolewa bila malipo. Mlezi ampeleke katika kituo cha afya kilicho karibu. Kwa binti anayeishi na VVU, mlezi amweleze mtoa huduma kwa faragha, kwa kuwa dozi moja huenda isimtoshe.

Chanjo ya binti haimkingi mama yake. Kwa kawaida virusi huchukua miaka 15 hadi 20 kugeuka saratani, na muda mfupi zaidi kwa mwanamke mwenye kinga dhaifu, na katika kipindi hicho mabadiliko yanaweza kuonekana na kutibiwa. Kipimo kimojawapo ni cha kupaka asidi ya siki kwenye mlango wa kizazi. Majibu hutoka papo hapo. Mama anayempeleka binti yake kuchanjwa anaweza kuuliza siku hiyohiyo ni lini kituo hicho hutoa huduma ya uchunguzi.