Vitabu Katika Mzigo wa Msafiri: Juu ya Usomaji wa Mtumishi wa Neno

Mtume Paulo, akiwa kifungoni na akijua ya kuwa mwisho wake u karibu, alimwagiza Timotheo amletee vazi lake la baridi pamoja na vitabu, akitilia mkazo vile vilivyoandikwa juu ya ngozi (2 Tim. 4:13). Wafafanuzi wamebishana sana kuhusu vitabu hivyo vilikuwa vipi, na wako wanaoona kwamba barua yenyewe iliandikwa na mwanafunzi wa Paulo. Hata hao hawawezi kukana kwamba Kanisa la kwanza lilimkumbuka Mtume kama mtu aliyekuwa bado anataka kusoma alipokuwa akingojea kuuawa.

Makala hii inahusu swali ambalo wachungaji wetu huliuliza mara nyingi: Je, mtumishi aliye mbali na maktaba, mwenye rafu moja tu ya vitabu, asome nini, na asomeje? Swali hili si jipya katika nchi yetu. Lilikwisha kujibiwa kwa vitendo Tabora, kabla sharika zetu hazijakuwako, na watu ambao kila kitabu walichokuwa nacho kilibebwa kichwani au begani mwa mpagazi.

Anayesimama leo Gongoni, mojawapo ya kata za Manispaa ya Tabora, yumo katika nchi ya Unyanyembe, ambako njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo iligawanyika: moja ikielekea Ujiji, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Mzigo wa mpagazi wa Kinyamwezi ulikuwa yapata ratili 70. Katika uzito huo mwenye msafara alipaswa kuchagua: nguo, shanga, nyaya za shaba, baruti, dawa; na mwishoni, kama nafasi ilibaki, vitabu. Kwa hiyo maktaba ya njia ile ilikuwa ndogo mno, na udogo huo ndio unaotufundisha.

Richard Burton na John Speke walifika Kaze, yaani Tabora ya siku zile, mwezi Novemba 1857. Burton ameandika kwamba katika safari yao walikuwa na vitabu vichache tu, miongoni mwavyo Shakespeare na Euklide, na kwamba walivisoma pamoja tena na tena. Lakini msomaji aliyemstaajabisha Burton zaidi hakuwa Mzungu. Alikuwa mwenyeji wake, Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu aliyepata kuwa mpishi wa halua huko Maskati. Burton anamshuhudia kuwa mtu aliyesoma sana, na aliyesoma ili ajengeke, si kwa kujifurahisha tu; mwenye kumbukumbu ya ajabu na ufasaha wa lugha. Ndiye aliyemsaidia kukusanya misamiati ya lugha za bara. Tusisahau, hata hivyo, ya kuwa biashara ya wakazi wale ilikuwa pembe pamoja na watu. Usomaji haumtakasi mtu kwa nguvu zake wenyewe. Sisi Walutheri, tunaokiri kwamba mtu huhesabiwa haki kwa imani, tungekuwa wa mwisho kudai hivyo.

Mfano ulio tajiri kuliko yote ni wa David Livingstone. Alipolazwa na vidonda vya miguu huko Manyema, alisoma Biblia yote, Mwanzo hadi Ufunuo, mara nne. Karatasi zilipomwishia aliandika shajara yake juu ya magazeti ya zamani, kwa wino uliotengenezwa na mbegu za mti, akipitisha mwandiko wake juu ya maandishi ya chapa. Wakati huohuo mfuko wa barua zake, uliotoka Unguja Novemba 1870, ulikuwa umekwama Unyanyembe. Ni Henry Stanley aliyemfikishia Ujiji, mwaka mzima baada ya kutoka pwani.

Stanley alipomwacha Kwihara, kilometa chache kutoka mjini, tarehe 14 Machi 1872, Livingstone alikaa katika tembe ile akingojea wapagazi hadi tarehe 25 Agosti. Miezi mitano na zaidi! Alisoma nini? Alisoma kitabu cha Samuel Baker kuhusu ziwa Albert, akikipima kwa yale aliyoyajua mwenyewe juu ya chemchemi za Nili. Alisoma pia kitabu cha E. D. Young kilichosimulia safari ya kumtafuta Livingstone, na akaandika kwamba anashukuru kwa maneno mema mengi yaliyosemwa juu yake humo. Si watu wengi wanaopata kusoma jinsi walivyotafutwa. Na Biblia iliendelea kuwa chakula chake cha kila siku.

Hapa tunaona namna mbili za kusoma, na mchungaji anazihitaji zote mbili. Iko namna ya kukisoma kitabu kimoja mpaka kikuzoee na wewe ukizoee. Iko pia namna ya kusoma kitabu kipya kwa kukihoji, kalamu mkononi. Luther, katika waraka wake kwa wakuu wa Kikristo wa Ujerumani mwaka 1520, alitaka hata vitabu vya theolojia vipunguzwe, vibaki vilivyo bora. Kwa maoni yake mtu haelimiki kwa wingi wa vitabu bali kwa kusoma kilicho chema mara nyingi, hata kikiwa kidogo. Na katika dibaji ya mwaka 1539 alitamani vitabu vyake mwenyewe visahaulike, watu warudi kwenye Maandiko. Kisha akataja mambo matatu yanayomfanya mtu kuwa mtheolojia: sala, tafakari, na majaribu. Mwanafunzi anayedhani Luther alidharau vitabu amemwelewa vibaya, kwa maana aliyesema hayo alikuwa amesoma kuliko wengi wetu.

Tatizo tulilo nalo ni jingine. Wengi wetu, baada ya kubarikiwa, husoma kwa ajili ya Jumapili tu. Kitabu hufunguliwa Ijumaa jioni ili kitoe mfano wa mahubiri, kisha hufungwa. Huko si kusoma, ni kuchota. Usharika hutambua upesi kuliko tunavyofikiri, maana katika mwaka wa tano mifano huanza kurudi, na wazee wa kanisa huweza kuimalizia kabla ya mhubiri.

Kwa upande wangu, husoma alfajiri, kwa sauti, kabla nyumba haijaamka. Sauti huzuia jicho lisikimbie. Katekisimo Ndogo (1529) haitoki mezani. Nampenda Augustino katika Maungamo yake kuliko katika vitabu vyake vya mabishano. Na ninashikilia, ingawa baadhi ya wenzangu hawakubaliani nami, kwamba riwaya ya Kiswahili ni sehemu ya elimu ya mchungaji. Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) inafundisha juu ya haki mbele ya mahakama kuliko insha nyingi za maadili. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) iliwakwaza wengi ilipotoka. Lakini mchungaji ambaye hajapata kufikiri juu ya binti aliyelelewa kwa ukali wa kupita kiasi, kisha akaangamia alipokuwa mbali na nyumbani, atamshauri nini mzazi anayemjia akilia?

Wako watakaosema kwamba vitabu vya kidunia ni mzigo usio wa lazima. Shakespeare yule aliyesomwa Kaze anatoa jibu. Stanley anasimulia kwamba mwaka 1877, huko Mowa kando ya mto Kongo, watu waliogopa maandishi yake wakadai yachomwe, naye ili aokoe shajara akawapa Shakespeare yake iteketezwe. Kwa kuwa madaftari yake ya safarini yanataja karatasi tu, kisa hicho nakipokea kwa tahadhari. Lakini mwaka 1937 kijana Julius Nyerere aliingia Shule ya Tabora. Baada ya Makerere akarudi kufundisha shule ya Mtakatifu Maria, hapo hapo Tabora, hadi 1949. Mwaka 1963, akiwa Rais, alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar kwa Kiswahili, akairekebisha mwaka 1969, mwaka uleule wa Mabepari wa Venisi. Na mkono huohuo ndio uliotunga Injili zote nne na Matendo ya Mitume kwa tenzi, zilizochapishwa mwaka 1996. Sioni jinsi ya kutenga mazoezi ya kwanza na kazi ya pili.

Jambo la mwisho linamhusu msomaji asiyetajwa sana. Miongoni mwa watu waliofika Kwihara mwaka 1872 kumfuata Livingstone alikuwamo Jacob Wainwright, Mwafrika aliyesomeshwa katika shule ya misioni huko Nasik, Bara Hindi. Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo mwaka 1873, hakukuwapo mchungaji. Wainwright ndiye aliyesoma ibada ya maziko, akachonga maandishi juu ya mti. Alifariki mwaka 1892 Urambo, magharibi ya Tabora. Wakristo wengi waliolelewa katika sharika za mkoa ule hawajapata kulisikia jina lake.

Kwa wenzangu walio vijijini natoa pendekezo moja. Wachungaji watatu au wanne wa jimbo moja wachague kitabu kimoja kwa kila miezi mitatu, kinunuliwe kwa fedha za wote, kizunguke kwa mpango ulioandikwa, na kila mmoja aandike maswali yake katika daftari linalosafiri pamoja nacho. Watakapokutana kwa kikao cha jimbo, nusu saa ya kwanza, kabla ya hesabu, iwe ya daftari hilo.