Matembezi ya Karibu: Neasden na Jirani Zake

Wahariri wa kitabu chetu cha mwaka wamenitaka niandike kurasa chache juu ya mahali panapofaa kutembelewa, kwa ajili ya aila zetu zinazokaa hapa Neasden na pia jamaa wanaotujia wakati wa likizo kutoka Leicester, Maskati, Mombasa na Unguja. Nimeitika kwa furaha. Nimesomesha watoto kwa zaidi ya miaka thelathini, na mwalimu hata akistaafu haachi kuwatafutia watoto mambo ya kuwafungua macho.

Mgeni akifika kwetu kwa kawaida hupelekwa Oxford Street, akazungushwa madukani mpaka miguu ikavimba, akapigwa picha chini ya Big Ben, kisha akarudishwa nyumbani hoi. Na watoto wetu wenyewe, Jumapili yao huisha kitandani na simu mkononi. Ukiwauliza, watakwambia Neasden hakuna kitu. Hawakulianza wao neno hilo. Gazeti la kejeli liitwalo Private Eye liliufanyia mzaha mtaa huu tangu miaka ya 1960, kana kwamba ndipo mahali pa kuchosha kupita pote Uingereza.

Mimi nasema kinyume chake. Tena nina nasaha moja, na yote nitakayoandika hapa chini yaitumikia nasaha hiyo: matembezi bora ni yale ambayo mtoto hukutana na kitu chenye kuhusiana na kwao, na mzee yupo kando yake akimweleza kwa Kiswahili. Mji huu umejaa vitu vya namna hiyo, lakini vingi havikuandikiwa kibao. Asiyeambiwa hupita tu.

NEASDEN YENYEWE

Tuanze na jina. Kwa Kiingereza cha kale maana yake ni kilima chenye umbo la pua. Waambieni watoto, watacheka, na wakishacheka hawatasahau. Mpaka karne ya kumi na tisa palikuwa kijiji cha mashamba. Stesheni ilifunguliwa mwaka 1880, zikafuata karakana za treni, na nyumba zikaenea kila upande.

Mwendo mfupi kaskazini liko bwawa la Welsh Harp, ambalo kwenye ramani huandikwa Brent Reservoir. Si ziwa la asili. Mto Brent ulizibwa kwa boma katika miaka ya 1830 ili maji yake yalishe mifereji ya kupitishia mashua za mizigo. Jina la Welsh Harp lilitokana na mkahawa uliokuwapo kando yake. Leo ni mahali pa ndege na pa mashua ndogo za tanga. Siku ya upepo mzuri, kaeni ukingoni, mkawafundishe watoto maneno ambayo babu zao waliyajua kabla ya kujua kusoma: tanga, mlingoti, usukani, kubisha. Mtoto akiiona mashua inakwenda upande upande dhidi ya upepo, ataelewa "kubisha" ni nini kwa dakika moja, na kamusi haihitajiki.

Kuanzia mwezi wa Aprili tazameni juu. Mbayuwayu huwa wamerudi kutoka Afrika, walikokimbilia baridi. Na juu ya vyelezo vilivyowekwa majini makusudi hutaga ndege weupe wa pwani wenye utosi mweusi, nao pia hukaa kipupwe Afrika. Mtoto wa aila yetu anayeulizwa kila siku shuleni "asili yako wapi?" hufarijika kumwona kiumbe mwenye kwao kuwili na wala haoni haya.

HEKALU LA MAWE

Katika barabara ya Brentfield lipo hekalu la Wahindi, Shri Swaminarayan Mandir, lililofunguliwa mwezi wa Agosti 1995. Sisi hatwendi kuabudu, twenda kama majirani, na majirani hao hupokea wageni kwa heshima. Kuingia ni bure, viatu huvuliwa, na mavazi yawe ya stara, jambo ambalo kwetu si geni. Ndani hawaruhusu kupiga picha.

Mawe ya chokaa yalitoka Bulgaria na marumaru Italia. Yakapelekwa India kwa meli, yakachongwa kwa mkono, kisha yakaletwa London vipande zaidi ya 26,000 na kuunganishwa kimoja kimoja. Lakini mimi huwapeleka watu kwanza kwenye ukumbi ulio kando ya hekalu, uliojengwa kwa mbao za msaji na mwaloni. Itazameni nakshi yake. Kisha kumbukeni milango ya Mji Mkongwe wa Unguja: mingi ilichongwa kwa mtindo uliotoka Gujarati, huko huko kwa mafundi hawa. Mkono ni mmoja.

Tena wengi waliochangia jengo hili walizaliwa Kenya, Uganda na Tanzania. Miongoni mwao wamo waliofukuzwa Uganda mwaka 1972, walipopewa siku 90 tu za kuondoka. Wazee wao husema Kiswahili. Nimewasikia pale maegeshoni wakiulizana "habari gani?" kama wako sokoni Kampala.

WEMBLEY

Ukipanda njia ya Jubilee kwenda kaskazini, kituo kinachofuata ni Wembley Park. Uwanja wa mpira mnaoujua ulifunguliwa mwaka 2007. Hukaa watu 90,000, na tao lake lina urefu wa mita 133. Vijana hawahitaji kuambiwa zaidi. Wasilolijua ni hili: uwanja wa kwanza, ule wa minara miwili, ulitumika katika Maonyesho ya Dola ya Waingereza ya mwaka 1924 na 1925. Nchi zilizotawaliwa ziliwekewa mabanda ili Waingereza waje kuona mali zao. Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar zilikuwa pamoja katika banda la Afrika Mashariki. Watu milioni 27 walipita pale. Kwa hivyo kabla sisi hatujafika Wembley na masanduku yetu, nchi zetu zilikuwa zimekwisha kuletwa na kupangwa mezani.

Kutoka hapo nendeni Ealing Road mkale. Mtakuta mihogo, nazi, ndizi za kupika na maembe. Waambieni watoto wasikilize: Mhindi wa Afrika Mashariki huuita muhogo "mogo", na nyumbani kwake husema "sufuria" na "fagio" katikati ya Kigujarati chake. Maneno yetu yamesafiri kuliko sisi.

BUSTANI YA GLADSTONE

Upande wa pili, Dollis Hill, ipo bustani kubwa iliyofunguliwa mwaka 1901 na kupewa jina la William Gladstone, waziri mkuu aliyekuwa akija kupumzika katika nyumba iliyokuwa pale juu. Nyumba yenyewe iliungua, na mwaka 2012 ikabomolewa. Panda mpaka kileleni: mji wote umetandikwa chini yako. Ni mahali pazuri pa kufungua kikapu cha sambusa na katlesi.

Mkishakula, semeni nao jambo zito kidogo. Baba yake Gladstone alikuwa na mashamba ya watumwa Demerara na Jamaika. Utumwa ulipoondolewa katika miaka ya 1830, serikali ilimlipa yeye fidia ya zaidi ya pauni 100,000. Watumwa hawakulipwa kitu. Wala tusiwaachie watoto wadhani kwamba hilo ni la Wazungu peke yao. Pwani yetu nayo ina hesabu yake, na soko la watumwa la Unguja halikufungwa mpaka mwaka 1873. Mtoto aliyeambiwa ukweli na mzee wake hatasikia mara ya kwanza kutoka kwa mtu mwenye nia ya kumfedhehesha.

KUSHUKA MJINI

Njia hiyo hiyo ya Jubilee huwafikisha Baker Street bila kubadilisha treni, na hapo msikiti mkuu wa Regent's Park uko karibu. Serikali iliutoa uwanja wake wakati wa Vita vya Pili, na mfalme George wa Sita alikifungua Kituo cha Utamaduni wa Kiislamu mwaka 1944. Msikiti wenyewe, wenye kuba la rangi ya dhahabu, ulikamilika mwaka 1977. Salini adhuhuri, kisha tembeeni katika bustani.

Kutoka Baker Street vituo viwili vya treni nyingine huwafikisha Euston Square, na kwa miguu mtafika Russell Square, kwenye chuo cha SOAS. Hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo penye hazina ambayo wengi wetu hatuijui.

Chuo hiki kiliundwa mwaka 1916, na Kiswahili kimesomeshwa hapo tangu mwanzo. Katika maktaba yake zimewekwa hati za kale za mashairi na tenzi zetu, nyingi zikiwa kwa herufi za Kiarabu. Mmishonari W. E. Taylor, aliyeishi Mombasa mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, alizikusanya tungo za Muyaka bin Haji, yule mshairi wetu aliyefariki mwaka 1840. Aliyemsaidia ni Mwalimu Sikujua, mwana wa Mombasa, aliyezijua tungo hizo na kumwandikia. Bila ya Mwalimu Sikujua, nyingi ya tungo za Muyaka zingepotea. Na katika siku zetu Sheikh Yahya Ali Omar, naye wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2008, alifanya kazi kwa miaka mingi juu ya hati hizo hapo hapo chuoni.

Kuziona hati zenyewe kwataka kuomba nafasi mapema. Lakini baadhi zimepigwa picha, nazo zaonekana kwa kompyuta. Niliwahi kumwekea mjukuu wangu ukurasa mmoja. Ana miaka kumi na mmoja, na kila jioni huenda madrasa. Akaanza kusoma herufi moja moja akidhani ni Kiarabu. Mara akasita, akaninyanyulia macho, akasema, "Babu, hiki ni Kiswahili!" Mtoto huyu Kiswahili hukijibu kwa Kiingereza, lakini siku hiyo aliusoma ukurasa mpaka mwisho, akiniuliza maana ya kila neno la pili. Basi jueni, enyi wazazi, kwamba watoto wetu wa madrasa wanao ufunguo mkononi. Kilichobaki ni mtu wa kuwaonyesha mlango, na watu wanaoweza kuyaeleza maneno yale ya zamani wapungua kila mwaka.

Mwisho wa matembezi uwe Westminster, kwa Jubilee vilevile. Katika kanisa kuu la Abbey, ambako kuingia ni kwa kulipa, lipo kaburi la David Livingstone. Alifariki Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakauchukua mabegani zaidi ya kilomita 1,500 mpaka Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Akazikwa hapa tarehe 18 Aprili mwaka huo. Aliyekuwapo mazikoni miongoni mwao ni Jacob Wainwright. Susi na Chuma waliletwa Uingereza baada ya mazishi kwisha.

Jiwe la kaburi lawasifu waliomleta. Majina yao halikuyataja. Simameni hapo na watoto, mkayataje nyinyi kwa sauti ya chini: Susi, Chuma, Wainwright.

MANENO YA KUMALIZIA

Watoto walio chini ya miaka 11 hawalipi treni ya chini ya ardhi wakifuatana na mtu mzima, na wazee wenye kadi ya Freedom Pass husafiri bure. Chukueni chupa ya chai, visheti, na mwavuli hata kama jua limewaka, kwani jua la London si la kuaminiwa. Msifanye mawili matatu kwa siku moja. Mahali pamoja kwa Jumapili moja patosha. Na aliye na bibi au babu nyumbani asimwache nyuma eti atachoka. Mtembezeni polepole, mtafutieni benchi, kisha mwacheni aseme. Mahali pote nilipopataja patakuwapo mwakani Inshaallah, lakini maelezo ya wazee wetu hayakuwekwa katika maktaba yoyote.

Nawatakia matembezi mema, na heri ya mwaka mpya kwa aila zote.