Kipupwe, Jalidi na Bustani ya Nyumbani

Vitabu vya bustani na maarifa ya nyumbani hudhaniwa kuwa rahisi kutafsiri, kwa kuwa havina vifungu vya sheria wala hesabu ngumu. Lakini mfasiri akifikia sura ihusuyo kuingia kwa majira ya baridi, hujikuta mahali penye utelezi. Kitabu kilichoandikwa Uingereza huzungumzia Desemba; shamba la msomaji wake liko Makete au Lushoto, ambako baridi huingia mwezi Juni. Katika makala haya twapenda kuyaeleza maneno machache ya majira hayo, na kuonyesha jinsi neno lililokubaliwa na kamusi linavyoweza kumtia mkulima hasara.

Tuanze na majina ya majira yenyewe. Kiswahili kiliugawa mwaka kwa pepo na mvua za pwani: kaskazi na kusi, masika na vuli, kiangazi na kipupwe. Kipupwe ni wakati wa ubaridi wa Juni hadi Agosti, upepo wa kusi ukivuma. Mkazi wa Dar es Salaam huufurahia, maana joto limepungua, theluji haijui. Mfasiri aandikapo "kipupwe" kwa majira ya baridi ya Ulaya hukosea mara mbili, katika miezi na katika ukali wa baridi. Desemba hadi Februari, Waingereza watetemekapo, pwani yetu imo katika kiangazi.

Vuli ina hatari zaidi. Wapo waliozoea kulitumia neno hili kwa majira ya Ulaya yatanguliayo baridi, yaani Septemba hadi Novemba. Miezi yakaribiana, lakini kazi ni kinyume: kule huo ni wakati wa kuvuna na kuifunga bustani, ilhali kwetu vuli ni mvua ya kupandia. Agizo la "ng'oa viazi wakati wa vuli" lamwambia mkulima wa Lushoto ang'oe apaswapo kupanda. Mkulima wa Njombe halimwambii lolote, kwani huko msimu wa mvua ni mmoja tu, takriban Novemba hadi Aprili. Kwa hiyo twashauri kwamba katika hadithi na vitabu vya jiografia yaandikwe "majira ya baridi ya Ulaya" na "majira ya kupukutika majani". Katika maagizo ya kazi, jina la majira liachwe kabisa na itajwe hali yenyewe: viazi ving'olewe majani yakishakauka, kabla ya jalidi.

Jalidi ndilo neno lisumbualo kuliko yote, kwa kuwa wengi huliandika "theluji" au "barafu". Theluji hutoka mawinguni. Barafu ni maji yaliyoganda. Jalidi ni zile chembe nyeupe zinazofanyika juu ya majani na ardhi, mvuke wa hewani unapoganda usiku; haianguki, ingawa watu husema hivyo. (Neno barafu lenyewe, kwa asili yake ya Kiajemi, lilikuwa na maana ya theluji, mipaka tuliyo nayo leo tumeiweka wenyewe.) Sakitu nalo lamo kamusini kwa maana ya jalidi. Sisi twapendelea jalidi, ila mfasiri achague moja na kulishika hadi mwisho wa kitabu.

Tofauti hii si ya mapambo. Asomaye "jihadhari na theluji" atatazama mawingu, ilhali jalidi huja usiku mkavu wenye nyota, usio na upepo. Ardhi hupoteza joto lake, na hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka mabondeni. Ndiyo sababu nyanya na maharage ya bondeni huungua, na ya mteremkoni yakasalimika. Wala jalidi haifuati kipupwe daima: Januari 2012, katikati ya kiangazi, iliunguza chai huko Kericho, Kenya.

Yapo pia maneno ya kinga. Nyasi ziwekwazo juu ya udongo ni matandazo. Zile zifunikazo mimea jioni na kuondolewa asubuhi ni kifuniko. Kitabu kisipoyatenganisha haya, mkulima atatandaza nyasi chini na kuiacha mimea wazi, na huenda akaizidishia baridi, kwani matandazo huzuia joto la udongo lisipande.

Ndani ya nyumba ni jambo moja tu tutakalolitaja. Baridi ikizidi, watu huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Maonyo mengi husema "epukeni moshi". Mkaa uliokwisha kushika moto hauna moshi, na msomaji huliona onyo hilo kuwa halimhusu. Kiuacho ni monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu. Kuiita "hewa ya ukaa" hakufai, kwa maana jina hilo limezoeleka kwa hewa nyingine, ile tuitoayo tupumuapo. Katika kitabu cha kemia jina kamili litumike. Katika bango la zahanati twapendekeza: "Mkaa unaowaka hutoa sumu isiyoonekana. Usilale na jiko la mkaa chumbani, hata kama halitoi moshi."