Mtoto Hurithi Milango ya Mzazi



Wengi wenu mliuliza: kwa nini pointi za wanafunzi kumi na wawili wa kalasi ya tatu ziliharibika ndani ya ordinatere? Wengine walisema njo kazi ya virusi. Hapana. Kosa ni letu, sisi tuliotengeneza programu ile, na tunapenda kuwaeleza ili lisirudi tena.

Katika mtindo wa Unix, ulioanzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie kule Marekani, kila programu kwa desturi huanza na milango mitatu. Mlango 0 ni wa kupokea maneno, 1 ni wa kutoa majibu, na 2 ni wa kutoa malalamiko, yaani habari za makosa. Programu ikizaa nyingine, mtoto hurithi milango ya mzazi jinsi ilivyo. Haulizi mlango unaelekea wapi. Anajua namba tu.

Sasa sisi tulifanya nini? Tulichoka kuona malalamiko kwenye kioo, tukafunga mlango 2. Kisha programu ikafungua faili ya pointi ili isome na kuandika. Lakini sheria ya mashine ni hii: faili inayofunguliwa hupewa namba ndogo kuliko zote zisizo na mwenyewe. Ni namba gani hiyo? Ile 2! Halafu tukaita programu ndogo ya kupanga majina. Ilipokuta kosa ikalalamika kwa mlango 2 kama ilivyofundishwa, na malalamiko yakaandikwa juu ya pointi za wenzetu. Mtoto hakukosa kitu.

Dawa yake iko namna hii. Kwanza, usifunge kamwe milango 0, 1 na 2. Kama hutaki kusikia malalamiko, uelekeze mlango 2 kwa /dev/null, shimo linalomeza yote; au vizuri zaidi, kwa faili ya makosa, upate kuyasoma kesho. Pili, milango mingine ambayo mtoto haihitaji, uitie alama ili ifungwe yenyewe programu mpya inapoanza.

Pointi zimekwisha kuandikwa upya kutoka karatasi za walimu. Tunaomba msamaha kwa wale kumi na wawili, juu walilala siku mbili na hofu ya kurudia mwaka. Nasi tumejifunza: anayenyamazisha makosa atayakuta mahali pengine, tena pabaya zaidi.